Usifunge gripu juu ya gripu. Bandua kwanza!

Weka hiyo gripu, ule utepe wa kuzungushia mpini, chini, ndugu yangu. Usiifunge. Umesema mpini wa raketi yako ya badmintoni ya 4U G5 (4U ni daraja la uzito, G5 ni la unene wa mpini) unateleza, muuzaji amekuuzia gripu mbili na kukushauri uziongeze juu ya ile iliyotoka nayo kiwandani "mkono ushike vizuri", na unauliza kama gripu ya taulo ni bora. Nimesoma hayo kiwiko kikanikumbusha mambo. Ushauri huohuo niliuziwa mimi, neno kwa neno, katika duka moja hapa mjini, na mtu aliyezijua raketi kwa bei zake tu.

Aliniambia mpini mnene ndio wenye nguvu. Nikafunga gripu moja juu ya ile ya kiwandani, nyingine juu ya hiyo, na zilipochakaa nikaongeza ya tatu bila kubandua chochote. Mpini ukawa wa mviringo, mnene kama mchi.

Sasa nisikilize. Mpini wa raketi una pande nane, na zile pembe hazikuwekwa kwa urembo. Ndizo zinazouambia mkono uso wa raketi umeelekea wapi huku macho yako yakifuata kinyoya. Kidole gumba kikitua kwenye ubapa mpana, unajua bekihandi, pigo la upande wa nyuma ya mkono, iko tayari. Ukizizika pembe hizo chini ya matabaka, mkono unakuwa kipofu. Nilianza kugonga kinyoya kwa fremu, na nikipiga karibu na wavu kikawa kinaruka juu kama mkate kwenye tosta. Isitoshe, vidole vinataka nafasi: unashika kwa ulegevu, kisha unavifumba ghafla wakati wa kupiga. Kiganja kikijaa mpini, hakuna kilichobaki cha kufumba. Nikawa nakaza mkono tangu pointi ya kwanza hadi ya 21.

Halafu kuna uzito. Gripu moja nyembamba ina kama gramu 5. Chukua raketi ya gramu 83 inayosimama sawa kwenye kidole milimita 295 kutoka kitako cha mpini. Ongeza gramu 15 katikati ya mpini, na pale pa kusimama panarudi nyuma hadi kama milimita 262. Kichwa hakijapungua hata gramu moja, lakini ukiinyanyua unahisi hakina kitu. Mimi nikakata shauri kwamba raketi ni mbovu.

Hapo ndipo nilipoungua. Niliiuza kwa shilingi 4,500 kwa kijana tuliyekuwa tukicheza naye Parklands, nikanunua nyingine ya 17,000 yenye kichwa kizito. Na mpini wa hiyo mpya? Nikaufunga vilevile, tabaka juu ya tabaka! Kichwa kizito, mpini mnene, mkono uliokazwa. Wiki ya tano sikuweza kuinua birika, maumivu yote upande wa nje wa kiwiko. Nilikaa miezi mitatu bila kucheza, nikimlipa mtaalamu wa tiba ya viungo vya mwili kila wiki. Na anayesema badmintoni ni mchezo wa watoto bustanini, aje anywe chai niliyokuwa nikimimina kwa mkono wa kushoto.

Niliporudi ukumbini, yule kijana alinihangaisha kona zote nne, akitumia raketi yangu ileile. Tulipomaliza nikamwomba niishike. Alikuwa amebandua kila kitu hadi kwenye mbao, akafunga gripu moja tu. Pembe zote nane nilizihisi. Nilisimama pale nikiizungusha kiganjani, fohandi, bekihandi, fohandi, hadi akaninyooshea mkono nimrudishie. Nilimpa 8,000 aniuzie, akakataa.

Kuteleza kunatokana na ngozi ya gripu, unene hauhusiki. Ya juu ikishalewa jasho, hata ukiwa na mpini kama mti wa mkuyu utateleza. Kwa raketi za kampuni ya Yonex namba ya G ikipanda mpini unapungua unene, kwa hiyo G5 yako inakuachia nafasi ya kuongeza kidogo, lakini ni kidogo kweli: tabaka moja, ucheze wiki mbili ndipo ufikirie la pili. Kipimo changu ni hiki: fumba macho, zungusha raketi mkononi, isimamishe, sema uso umeelekea wapi. Ukikosea, bandua.

Taulo inakunywa jasho vizuri, na mchezaji wa Mombasa nitamwelewa akiitaka. Lakini ni nene, inanuka, na ikishagandamana inakuwa ngumu. Kwa baridi ya Nairobi sioni haraka. Ukiitaka, ni ileile: hadi kwenye mbao kwanza.

Leo jioni ng'oa ya kiwandani polepole, kwangua gundi iliyobaki kwa kitambaa kikavu. Anza kwenye kitako, vuta kiasi ukipanda, kingo zipandane milimita mbili tu, maana ukizipandanisha sana umejenga mchi uleule kwa gripu moja. Funga tepu juu, kisha bonyeza kwa gumba kila upande hadi uzihesabu zote nane. Ile gripu ya pili uliyonunua iache mkobani ndani ya karatasi yake, utaihitaji hii ikichakaa.