Nina milioni moja na nusu: kamera yangu ya kwanza iwe ipi?

SWALI: Shikamoo. Niko Morogoro, nina duka dogo la stesheneri ambapo napiga picha za pasipoti kwa simu. Wateja wameanza kuniomba niwapigie kipaimara, sendofu na harusi, na sasa nimejikusanyia shilingi 1,500,000. Duka moja la Dar limenishauri Canon 4000D mpya, ya kwenye boksi, na lenzi yake. Kuna mtu mwingine anauza Canon 200D ya mtumba. Rafiki yangu naye anasema DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani kama hizo mbili, zimepitwa na wakati, nisijisumbue. Nichukue ipi, na lenzi gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chukua 200D ya mtumba, mradi ipite vipimo nitakavyokupa hapo chini, na usimalizie hela yote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Angalau theluthi moja ibaki kwa ajili ya lenzi ya pili na flashi.

Najua mpya ina raha yake, boksi linanukia na kuna karatasi ya waranti. Lakini tazama juu ya kamera, pale pa kuchomekea flashi. Kwenye kamera nyingi utaona kitufe cha chuma katikati, na vingine vidogo pembeni yake. Kile cha katikati ndicho kinachoiambia flashi iwake, na kampuni nyingi zilikuwa zinakitumia. Canon wamekiondoa kwenye 4000D, 2000D na 250D. Matokeo yake flashi za bei nafuu za kampuni nyingine zinazotegemea kitufe hicho, pamoja na rimoti zake nyingi, hazitawaka. Utalazimika kununua flashi inayozungumza lugha ya Canon, ambayo kwa mfuko wako ni mzigo. 200D ya mwaka 2017 bado inacho. Angalia jina kwa makini, maana 200D na 250D zinafanana kama kulwa na doto, na 250D sehemu nyingine inauzwa kama 200D Mark II.

Na kwa kazi unayoitaka, flashi si pambo. Umewahi kuingia kwenye sendofu: taa kubwa zimezimwa, zimebaki za DJ za zambarau na kijani, MC anaita msafara wa bibi harusi. Simu yako hapo inaona giza, na kamera yoyote yenye lenzi ya boksini inaona giza vilevile.

Sababu ni hii. Lenzi inayokuja na kamera ni 18-55mm. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Namba hii inakwenda kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Hiyo ni tofauti ya kupiga bibi harusi anayetembea akatoka mkali, na kupiga kivuli cheupe kinachoelea. Kwa hiyo lenzi yako ya pili iwe Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ilitoka mwaka 2015, ni ndogo, na ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za Canon.

Ina adabu zake, lakini. Sensa ya 200D, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo 50mm inabana picha kana kwamba ni 80mm. Kwa uso wa mtu ni tamu sana. Kwa sebule ya nyumbani ambako shangazi kumi na wawili wanataka picha na mtoto wa kipaimara, utarudi nyuma hadi ukutani na bado wawili watakatwa. Hapo rudisha 18-55 yako, washa flashi, weka f/5.6 au f/8, maliza kazi. Pia usipende mno f/1.8. Ukiwapiga maharusi kwa karibu ukitumia f/1.8, mmoja akiwa mbele kidogo ya mwenzake, mmoja atakuwa mkali na mwingine amefifia, na anayefifia ndiye anayelipa. Watu wawili, funga hadi f/2.8 au f/4.

Flashi nayo usiielekeze usoni kama tochi ya mlinzi. Kichwa chake kinageuka, kwa hiyo kielekeze darini au kwenye ukuta mweupe, mwanga urudi ukiwa laini. Kasoro moja tu ya kumbi zetu: wapambaji wanafunika dari yote kwa satini. Ukipiga flashi kwenye satini ya zambarau, bibi harusi anageuka zambarau. Fika mapema uangalie juu kabla hujaangalia kitu kingine chochote.

Sasa kuhusu rafiki yako. Hajakosea. Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na DSLR mpya hutaziona tena zikitoka kama zamani. Kwako wewe hiyo ni habari njema, maana wenye hela wanahama na wanauza. Na lenzi za EF, kama hiyo ya 50mm, utakazonunua leo zitaingia kwenye Canon EOS R, kamera zao zisizo na kioo, siku utakapohama, kwa kutumia adapta, na otofokasi, yaani lenzi kujitafutia ukali yenyewe, inafanya kazi. Kwa 1,500,000 kamera isiyo na kioo itakuachia bodi nzuri na mfuko mtupu, bila flashi wala lenzi ya kupigia gizani.

Hukuniuliza kuhusu Nikon, ila nitasema kwa sababu iliniumiza. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Nikon D3100. Muuzaji mmoja akanipa lenzi ya 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa, nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Ukumbini otofokasi haikuwaka. Lenzi zile za D hazina mota ndani, zinategemea mota iliyo kwenye bodi, na Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Nilizungusha fokasi kwa mkono usiku mzima, na ndugu wa yule bwana harusi mpaka leo wana albamu ya ukungu. Ukikutana na Nikon D3500 au D5600 nzuri kwa bei nzuri, si mbaya hata kidogo, lakini lenzi iandikwe AF-S au AF-P. Kabla ya hapo, uliza wapiga picha wa Morogoro unaofahamiana nao wanatumia nini. Siku lenzi yako itakapoanguka saa tisa mchana wa Jumamosi, utaazima kwa jirani, na lenzi ya Nikon haiingii kwenye Canon.

Vipimo vya hiyo 200D. Nenda mchana, na memori kadi yako mwenyewe. Weka f/22, piga picha ya karatasi nyeupe, kisha ikuze kwenye skrini. Vidoa vyeusi vichache ni vumbi, linasafishika. Mkwaruzo au mstari usiohama, aga uondoke. Vua lenzi, fungua mfuniko wa nyuma, mulika kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja ukitazama upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Lenzi zilizokaa Dar, Tanga au Zanzibar kwenye kabati lenye unyevu huipata sana, na mimi sinunui lenzi yenye kuvu hata kwa bei ya nauli. Chomeka flashi ya mtu uone inawaka. Fungua ile skrini ya kugeuka, izungushe kila upande uangalie kama picha inakatika, maana waya wake huchoka. Idadi ya picha ilizopiga muulize, lakini usimtegemee sana: Nikon huiandika ndani ya faili ya picha, Canon nyingi hazifanyi hivyo. Hali ya mpira wa kushikia na vitufe itakuambia mengi.

Usishtuke ukikuta imeandikwa Rebel SL2 au Kiss X9. Ni 200D ileile, jina la Marekani na la Japani. Ila hiyo ya Japani ifungue menyu kwanza uhakikishe Kiingereza kipo. Betri iwe LP-E17, na upate mbili.

Memori kadi usinunue barabarani. Kadi za bandia zinaonyesha 64GB kwenye kompyuta lakini ndani hazifiki hapo, na zikijaa zinaandika juu ya picha za mwanzo bila kukuambia. Ijaribu nyumbani kwa kuijaza video hadi mwisho, kisha fungua faili zote uone kama zinacheza. 200D ina nafasi ya kadi moja tu, hakuna nakala ya pili, kwa hiyo nunua mbili za 32GB badala ya moja kubwa. Ya kanisani ijae au isijae, ikitoka hapo ivue, weka nyingine ya ukumbini, na ile ya kwanza ikae mwilini mwako, si kwenye begi la kamera ambalo kila mtu anaona lina thamani.