Fundi Anajibu: Taa ya Land Rover Inayofifia

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninayo Land Rover Series III ya mwaka 1978 niliyoachiwa na marehemu baba, ambayo huibebea nazi hadi soko la Kongowea, na mara nyingi huvuka feri kabla ya alfajiri. Taa kubwa ya kushoto imefifia mfano wa kibatari, na nikiwasha indiketa ya upande huo, taa hiyo nayo hupepesa. Balbu nimebadilisha mara mbili. Fundi mmoja ananishauri nitie balbu za wati 100, na mwingine anasema ninunue altaneta mpya, ile mashine inayochaji betri. Nimsikilize yupi? – Msomaji, Likoni.

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe hata shilingi kwa sasa, kwa kuwa indiketa yako imekwisha kutoboa siri. Taa mbili zinapopepesa pamoja ilhali kila moja ina swichi yake, jambo la kwanza la kushuku ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia hiyo ikiziba, umeme hujipenyeza kwa jirani. Madigadi za gari lako ni za aluminiamu, na bolti zinazoshika nyaya za athi ni za chuma. Metali hizo mbili zikigusana na kuloweshwa na unyevu wa chumvi, ambao sisi wa pwani hatuna pa kuukimbia, aluminiamu huliwa taratibu na kutoa unga mweupe kama chokaa. Wengi hutafuta kutu nyekundu, wasiione, wakasema pako safi.

Fanya jaribio hili ukiwa na kipande cha waya mnene. Washa taa, kisha unganisha ncha moja ya waya kwenye kichwa hasi cha betri, na ncha ya pili kwenye waya mweusi ulio nyuma ya taa ya kushoto. Taa ikiruka ghafla na kung'aa, mkosaji umemshika. Mwenye mita ya umeme aiweke mahali pa waya huo: ikisoma zaidi ya volti 0.2 taa zikiwaka, athi ni mbovu. Usidharau volti hizo chache, kwani balbu inayopata volti 10 badala ya 12 hutoa karibu nusu tu ya mwanga wake.

Kutengeneza si kazi kubwa. Chomoa kwanza waya hasi wa betri, fungua bolti ya athi, kisha piga msasa kichwa cha waya na mahali kinapokaa mpaka metali ing'ae, ukaze upya kwa washa mpya (kile kipete kinachokaa chini ya bolti) na kupaka vaselini juu yake ili chumvi isipate pa kuingilia. Mimi ningeongeza waya mpya wa athi kutoka kila taa moja kwa moja hadi betri, nisiitegemee tena madigadi.

Balbu za wati 100 ziache kabisa. Katika gari hili umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya usukani, na balbu mbili za kawaida za wati 60 zikiwa fuli huvuta takriban ampea 10. Ukikaribia kuuzidisha maradufu mzigo huo, swichi ya umri huo itayeyuka. Ukitaka mwanga zaidi, funga rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme, moja ya dimu na moja ya fuli, kila moja ikiwa na fyuzi yake ya ampea 15 na waya unaotoka betri. Waya wa buluu wenye mstari mwekundu, ambao ni wa dimu, na ule wa buluu wenye mstari mweupe, wa fuli, zitabaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Kuhusu altaneta, ipime kabla ya kuihukumu: injini ikiwa inanguruma, si katika mwendo wa kungojea feri, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikisoma hivyo ni nzima, na fedha zake nunulia rilei.