Kwa wanaoanza kazi: mshahara wako umeandikwa upande wa gharama

Nilianza kazi nikiwa karani wa hesabu katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kiwanda kile kilijengwa ili watu wa Vingunguti, Kiwalani na Buguruni tupate riziki. Imani hiyo niliirithi. Baba yangu alitumikia shirika la umma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati ambapo mashirika hayo yalihesabiwa kuwa mali ya wananchi, na alitarajia kustaafu palepale alipoanzia. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliwarudisha wengi nyumbani, lakini sisi watoto tuliendelea kulelewa kwa matarajio yaleyale.

Ninyi mnaoingia leo ni vyema mjue mnaingia wapi. Mbele ya sheria, kampuni ni mtu kamili, tofauti na wenye hisa: ina mali yake, ina madeni yake, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na walioweka mtaji wanasubiri gawio, yaani fungu lao la faida. Katika vitabu nilivyovijaza kila mwezi, mshahara wangu mwenyewe niliuandika upande wa gharama, pamoja na umeme na mafuta ya jenereta. Kampuni huajiri kwa sababu kazi ya watu huleta faida. Siku mashine au bidhaa iliyoagizwa kutoka nje itakapoleta faida hiyo kwa gharama ndogo zaidi, hata meneja mwenye huruma atalazimika kupiga hesabu hiyo, kwa kuwa mshindani wake ameshaipiga.

Hata hivyo, naomba msinisikie nusu. Siku hizi vijana huambiwa kwamba kila mtu awajibike kwa ajira yake, na kauli hiyo ina ukweli wake, ila mara nyingi hutumika kumnyamazisha aliyepunguzwa kazi. Idara yetu ilipofungwa, aliondoka pamoja nasi fundi mitambo ambaye sikuwahi kumwona akichelewa, na kwa wiki kadhaa aliendelea kupanda daladala kila alfajiri kana kwamba anakwenda kazini, kwa kuwa aliona aibu kumweleza mkewe. Alijilaumu kwa uamuzi uliofanywa katika kikao ambacho hakualikwa. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Kumbe mwajiri naye ana wajibu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao kuhusu namna ya kuepuka upunguzaji huo, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Kiinua mgongo kwa aliyepunguzwa baada ya kutimiza mwaka mmoja wa utumishi mfululizo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Anayeona ameachishwa isivyo halali hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mwenzetu mmoja alisubiri ahadi za maneno, muda ukapita, ikambidi kwanza aiombe Tume ipokee shauri lililochelewa.

Kwa upande wenu, jifunzeni kazi ambayo hata kiwanda cha jirani kingeihitaji, na tunzeni mkataba na hati za mshahara nyumbani, mbali na droo ya ofisini. La muhimu kuliko yote, msiridhike kuona makato ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kwenye hati ya mshahara, kwani kukatwa ni jambo moja na mchango kufika ni jambo jingine. Ombeni taarifa ya michango yenu mara kwa mara, na mkikuta mwezi haumo, mwulizeni afisa utumishi kwa maandishi mngali kazini, wakati mlango wa ofisi yake bado mnafunguliwa.