Gari uliyoifungua ikakushinda kumalizia: namna nilivyompata mtu wa kuichukua

Peugeot 504 yangu ilikaa miaka sita bila injini. Injini yenyewe ilikuwa pale pale pembeni, juu ya stendi, silinda hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, imeshatolewa, vitu vingine vyote vimejaa kwenye maboksi, na kila aliyeniuliza nilimjibu naimalizia mwaka huu. Sikuwa namdanganya mtu, nilikuwa naamini kabisa. Ile gari naipenda, modeli yake ilitoka 1968 na ndo ikachaguliwa kuwa Gari Bora la Mwaka 1969 kule Ulaya, na aliyewahi kupanda 504 kwenye barabara mbovu anajua inavyoyameza mashimo. Ila mwaka jana nikakubali kwamba wa kuimalizia si mimi, nikaanza kutafuta mtu, na ikanichukua miezi minne. Nayaandika haya kwa sababu najua mko wengi wenye gari ya hivi nyuma ya nyumba.

Kwanza uamuzi. Jiulize mara ya mwisho umeshika spana kwa ajili ya hiyo gari ni lini. Sizungumzii kununua spea, kununua spea ni rahisi na kunampa mtu moyo kwamba kazi inaenda, nazungumzia kushika spana ukafunga kitu kikabaki kimefungwa. Kama mwaka mzima umepita hujafunga hata bolti moja, na hakuna kitu kwenye maisha yako kinachokaribia kubadilika, basi anza kutafuta mtu sasa hivi wakati gari bado ni gari, maana kutu haipumziki, na gari iliyofunikwa turubai ndo inaoza zaidi kwa sababu unyevu unabaki chini humo na panya nao wanapata nyumba, waya zangu za dashibodi zilitafunwa hivyo hivyo.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Wanapiga picha tatu, wanaandika "gari haijaisha, spea zote zipo", halafu wanashangaa simu hazipigwi, au wanaopiga wanataka kioo cha mbele tu. Anayenunua gari iliyofunguliwa na mtu mwingine anaogopa kitu kimoja kikubwa kuliko kutu, anaogopa boksi. Hajui ndani kuna nini, hajui kipi kinakosekana, na kitakachokosekana siku zote ni kile kidude kidogo kisichouzwa popote. Ukimwondolea hiyo hofu umeshamaliza nusu ya kazi.

Mimi nilitumia wikiendi tatu. Nikamwaga kila boksi chini, nikachukua mifuko ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika, kila kundi la bolti na nati likaingia kwenye mfuko wake na namba, halafu kwenye daftari nikaandika namba, kilichomo, na kimetoka wapi kwenye gari. Mfuko 1 bolti za bonti, mfuko 2 klipu za milango, mpaka nikafika 31. Kwa vitu vikubwa nikaweka alama tatu tu: kipo kizima, kipo kibovu, hakipo. Hiyo ya "hakipo" usiionee aibu, ndo ukurasa ambao wanunuzi wa maana waliusoma kwa makini kuliko yote. Na vile vibovu usivitupe jamani! Raba iliyokatika bado ni kipimo, mtu anaenda nayo dukani anasema nataka kama hii. Kwenye kupanga huko nikagundua seti ya gasketi ninazo mbili, nilishasahau kama nilinunua ya kwanza, na karibu nimwambie mtu kwamba kabureta haina baadhi ya springi kumbe zilikuwa kwenye kopo la rangi.

Cha pili hakikisha gari inasukumika na inakata kona. Gari ambayo matairi yake yanazunguka na usukani unaitika, watu wanne wanaipandisha juu ya brekidauni kwa dakika kumi, isiyozunguka inahitaji winchi na mafundi na hasira, na mnunuzi analijua hilo kabla hajaja. Breki zangu za nyuma zilikuwa zimeshika kabisa, mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, yakikaa miaka yanazalisha kutu ndani ya silinda za breki mpaka pistoni zinagoma. Nikazifungua nikazilegeza, na mnunuzi nikamwambia wazi hii gari haina breki hata kidogo. Petroli ya zamani pia ilikuwa imeoza kwenye tenki, nikaimwaga. Zaidi ya hapo usifanye kitu, na hasa usipulize rangi. Rangi mpya juu ya gari isiyoisha inamfanya mtu mwenye akili aanze kugonga bodi kwa kidole akitafuta puti, ile plasta ya kuzibia mashimo ya kutu.

Picha piga mchana, na piga ubaya. 504 ya sedani haina chesisi ya peke yake, bodi ndo chesisi, kwa hiyo mtu anayeijua anataka kuona vizingiti vya chini ya milango, sakafu ukiwa umenyanyua zulia, chini ya buti, na pale juu shokomzoba za mbele zinapofungwa. Nilipiga hata tundu lililoingia ngumi. Waliokuja baada ya kuliona lile tundu walikuwa wachache, ila hakuna aliyefika akaanza kulalamika. Namba ya chesisi usiiweke hadharani, mpe aliyeonyesha nia kweli.

Karatasi zilinitesa kuliko kutu. Gari ilikuwa bado iko kwenye jina la aliyeniuzia, nilisema nitabadilisha ikishatembea, na kwa kuwa haikutembea sikubadilisha, na yeye akawa ameshahama, nikamtafuta wiki kadhaa kupitia watu wake ndo tukasaini. Kama kadi yako ya usajili wa gari haiko sawa anza na hiyo kabla hata ya picha, maana gari isiyo na kadi inayoeleweka ni spea tu, hata iwe nzuri vipi.

Kwenye bei sitakaa sana. Pesa uliyoingiza imekwenda, usiihesabu. Angalia gari kama yako inayotembea inauzwaje, toa gharama yote ya kuifikisha huko ikiwemo kazi ya fundi, kinachobaki ndo unachozungumzia, na mara nyingi ni kidogo. Utakutana na wanaotaka mlango mmoja au giaboksi tu na wanalipa vizuri. Ukishaanza kuuza vipande jua hakuna atakayekuja kuichukua nzima, kwa hiyo amua mapema. Mimi nilitaka itembee tena.

Wanunuzi wanne walikuja. Niliwatafuta kwa mafundi wanaozijua Peugeot za zamani na kwa wenye 504 wenzangu, na hao ndo watu, kwa sababu hawahitaji kushawishiwa. Kila mmoja nilimuuliza: utaiweka wapi, ulishawahi kumaliza gari, utaanza na nini, na nyumbani wanajua? Kijana mmoja alikuwa na pesa mkononi lakini alikuwa anaishi ghorofa ya tatu hana hata pa kuegesha, nikamkatalia, na iliniuma kwa sababu nilijiona mimi miaka sita nyuma.

Halafu kulikuwa na jambo la slivu, na hili nilikuwa naliogopa. Injini ya 504 slivu zake, zile bomba ambazo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, ni za kuchomoka, maji ya radieta yanazizunguka na huku chini zimekalia sili. Ukishatoa silinda hedi unatakiwa uzibane kwa bolti na wosha kubwa kabla hujazungusha krenki, ile shafti inayopandisha na kushusha pistoni, zisije zikanyanyuka sili ikavunjika maji yakaingia kwenye oili. Mimi nilizungusha bila kuzibana. Kwa macho huwezi kujua, na ningenyamaza hakuna ambaye angejua mpaka siku injini inawaka. Nikaiandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza. Wawili walipoisoma hawakurudi. Wa nne, mzee mmoja aliyeshamaliza mbili za namna hiyo, alisoma akaniambia slivu alikuwa atazitoa zote hata kama nisingesema, ila sasa kwa kuwa nimesema hilo, anayaamini na yale mengine yaliyoandikwa. Tulikubaliana bei siku hiyo hiyo.

Siku ya kukabidhi tulipakia maboksi kwanza, yeye akisoma namba mimi nikionyesha mfuko, tukasaini wote wawili kwenye daftari na kwenye karatasi ya mauziano iliyosema gari inauzwa kama ilivyo, haitembei, haina breki. Pesa iliingia yote kabla gurudumu halijapanda juu. Kesho yake tukaenda kubadilisha jina, msikubali kusubiri kwenye hili, gari ikikamatwa au ikitupwa mahali ikiwa kwenye jina lako ni wewe watakayekutafuta.

Mwezi uliopita mzee alinipigia usiku, nasikia injini inaunguruma nyuma yake, inazima, inawaka tena. Hakunisalimia, akauliza springi ndogo ya kabureta, ile ya upande wa choki, niliiweka wapi. Mfuko namba 14, nikamwambia, imefungwa pamoja na klipu za bomba la mafuta.