Kijiti cha mkomamanga kuchipua kisha kukauka

Pole dada, umeuliza mbona vijiti vyako vya mkomamanga vinatoa majani halafu vinakauka. Majani yametangulia mizizi: yamekula akiba iliyokuwa ndani ya kijiti, na chini hakuna cha kuvuta maji. Safari hii kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu kama sentimita 20, uondoe majani yote. Fukia theluthi mbili kwenye mchanga wenye mboji kidogo, macho (pale majani yanapochipukia) yaelekee juu. Weka kivulini, mwagilia kwa kiasi. Udongo ukitota kitaoza. Na tafadhali usikichomoe kukagua mizizi, ndiyo kwanza inaanza! Kipe miezi miwili. Mwembe na mparachichi usihangaike nayo hivi, hiyo hubebeshwa, yaani kijiti chake huunganishwa kwenye mche mwingine.