Nilivyoipima Land Rover ya 1978 kabla haijapanda meli

Tangu lile tamasha la Land Rover pale Arusha, Oktoba 2024, mjomba wangu hana usingizi. Alitaka Series III fupi, ile yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kwa kuwa mpwa aliye Uingereza ni mimi, kazi ikaniangukia. Gari nililipata kwa mkulima mmoja kule Wales, la mwaka 1978. Kulinunua hakukunisumbua. Kilichonitoa jasho ni hesabu ya nauli ya meli: wiki mbili nzima zilipotea kwa jambo linalomalizwa na futi kamba, timazi (uzi wenye kizito mwishoni) na kipande cha chaki.

Meli za magari, zile ambazo gari linaendeshwa hadi ndani, hutoza kwa mita ya ujazo. Kanuni ya jumla ya mizigo ni uzito au ujazo, kinachozidi ndicho unacholipia, tani moja ikishindanishwa na mita moja ya ujazo. Kwa gari dogo ujazo ndio unaoshinda. Land Rover fupi haifiki tani 2, lakini inakula mita za ujazo 12. Na ujazo wenyewe ni wa sanduku la kuwazia linalofunika gari zima, kwa hiyo hata hewa iliyo juu ya boneti unailipia. Ndiyo maana Series III fupi, yenye mita 3.62 kwa 1.68 kwa 1.97, inalipiwa karibu sawa na Mercedes W123 iliyoizidi kwa zaidi ya mita nzima mbele hadi nyuma. Mercedes ni ndefu lakini imelala. Land Rover ni fupi lakini imesimama kama kabati.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimwomba shemeji anayeishi jirani na yule mkulima akanipimie. Akanijibu: "Urefu 2.21, upana 1.70, tayari." Urefu upi tena, shemeji? Kiswahili chetu hicho: kilicholala kina urefu, kilichosimama nacho kina urefu. Siku hizi ninapomtuma mtu naandika "bampa hadi bampa", "ubavu hadi ubavu" na "chini hadi juu".

Kosa la pili lilikuwa la wakala wa meli. Profoma, yaani makadirio ya bei, ilikuja na mita za ujazo 15.18. Nikaigeuza geuza hiyo namba hadi nikagundua wametumia vipimo vya Series III ndefu, ya inchi 109, ambavyo vilikuwa tayari kwenye mfumo wao. Nikaandika swali moja tu: "Mmetumia vipimo gani vitatu?" Wakarekebisha bila hata kusema samahani. Hilo swali liulize kila mara, hata kama bei imekupendeza. Ukiambiwa jumla peke yake, hujaambiwa kitu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda mwenyewe. Gari lisimame kwenye sakafu iliyonyooka, matairi yajazwe upepo wa kawaida. Kwa bampa hadi bampa, usilaze futi kamba juu ya bodi, maana inafuata mabonde na vilima. Shusha timazi kutoka ncha ya mbele kabisa, weka alama ya chaki sakafuni, fanya vivyo hivyo nyuma, sogeza gari, kisha pima chaki hadi chaki. Ubavu hadi ubavu ni hivyo hivyo. Kwa kimo, laza ubao ulionyooka juu ya sehemu iliyo juu kuliko zote, utokeze nje kidogo, upime kutoka chini ya ubao hadi sakafuni. Vioo vya pembeni nilivikunja, na nilishauliza mapema kama vinahesabiwa.

Nikapata 3.84 kwa 1.70 kwa 2.21, yaani mita za ujazo 14.43. Mbona imezidi vitabu namna hiyo? Keria juu, na tairi la akiba limening'inizwa mlango wa nyuma.

Hapa ndipo nilipokaa chini na kalamu. Watu wengi wanahangaikia urefu wa mbele na nyuma, kumbe ndio wenye bei nafuu. Kwa gari langu, sentimita 10 za bampa hadi bampa ni mita za ujazo 0.38 tu. Sentimita 10 za kimo ni 0.65. Za ubavu hadi ubavu ni 0.85! Kila upande unazidishwa na pande mbili zilizobaki, kwa hiyo upande mfupi ndio unaouma. Mbavu za gari huwezi kuzipunguza. Kimo unaweza.

Keria ikashuka. Tairi la akiba nikalihamishia juu ya boneti, ambako Land Rover hizi huwa na kikalio chake, na kwa kuwa boneti iko chini ya paa, halikuongeza hata sentimita moja. Vipimo vikawa 3.66 kwa 1.70 kwa 2.01, mita 12.51. Chukulia wametoza dola 60 kwa mita, kwa mfano tu: hiyo ni dola 115 zimebaki mfukoni. Mwenye gari la turubai anaweza kwenda mbali zaidi, akavua turubai na vyuma vyake na kulaza kioo cha mbele. Mimi nisingethubutu kulipeleka gari wazi hivyo bandarini.

Ukipewa inchi, zidisha zote tatu kisha gawanya kwa 61,024 upate mita za ujazo. Usichanganye inchi na mita katika hesabu moja. Na hakikisha gari linawaka, linakata kona na lina breki, kwa sababu lisilojiendesha hutozwa zaidi au linakataliwa.

Kontena ni hesabu nyingine, unalipia sanduku lenyewe. La futi 20 lina mita 5.90 ndani, mbele hadi nyuma, na mlango wenye kimo cha 2.28 hivi. La futi 40 lina mita 12.03. Beetle tatu za mita 4.07 hazikai humo kwa sentimita 18, kabla hata hujafikiria kamba za kufungia.

Wa Kenya, ulizeni kwanza, maana gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Kwetu Tanzania linaingia, ila TRA, mamlaka ya mapato, wanaongeza ushuru wa uchakavu.

Bandarini Southampton walipima upya wakapata 12.60, sentimita moja mbele na nyuma na moja juu. Sikubishana. Gari likafika Dar, likapanda hadi Arusha, mjomba akalizunguka mara mbili akiligusa gusa. Simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Keria yake iko wapi?"