Fundi Ajibu: Taa ya Mbele Haioni Mbali

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye pikipiki za cc 100 hadi 150 wanaotembea usiku. Tumejibu tano.

Pikipiki yangu ya cc 125 taa hufifia nikisimama na hung'aa nikivuta resi. Kijiweni wakaniambia niweke LED. Nimeshaweka mbili, zote zilimetameta kisha zikaungua. Ni feki?
*Dereva bodaboda, Kahama*

Feki zipo, lakini kaka, kabla hujailaumu balbu ujue umeme wa taa yako unatoka wapi. Pikipiki nyingi za ukubwa huo taa ya mbele hulishwa moja kwa moja na koili ya magneto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), betri haihusiki. Umeme huo ni wa AC, yaani wa kugeuka mwelekeo kila mara, na hupanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini, ndiyo maana kwenye foleni unabaki gizani. Kuhakikisha hakuhitaji mita ya umeme. Zima injini, acha ufunguo umewashwa, bonyeza swichi ya taa. Honi na indiketa zikifanya kazi huku taa ya mbele imelala, basi ni AC.

LED inataka DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri. Zipo zenye rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) ndani, na kasha lake huandikwa AC/DC. Iliyoandikwa DC peke yake ukiipa AC itametameta tu. Kuungua ni kesi nyingine. Balbu ya halojeni ya wati 35 hula karibu ampea 3, LED ya wati 18 hula ampea 1.5. Mzigo ukipungua hivyo, umeme unaozidi ni kazi ya regyuleta, kile kiboksi cha alumini chenye mapezi. Ikiwa imechoka, volti zinaruka na LED ndiyo inayotangulia kufa. Weka mita kwenye volti za AC, pima waya wa taa (kwenye pikipiki nyingi za Kichina ni wa njano, kwingine fuata waya unaoingia kwenye swichi ya taa), taa ikiwaka, ukivuta resi taratibu. Ikipita 15, badilisha regyuleta kabla hujanunua balbu ya tatu.

Ukitaka mwanga usiotetereka hata umesimama, hamishia taa kwenye betri. Kata waya wa AC pale unapoingia kwenye swichi ya taa. Ncha inayotoka kwenye magneto izibe vizuri kwa tepu, maana ikigusa chasi unaipiga koili shoti. Ncha ya upande wa swichi iunge na waya unaoingia kwenye flasha ya indiketa (kile kinachofanya indiketa iwake na kuzima), ambao hupata umeme ufunguo ukiwashwa, na katikati weka fyuzi ya ampea 5. Kwa LED isiyozidi wati 20 rilei (swichi inayowashwa na umeme) haina kazi hapo, hata kama muuza duka atakuuzia. Angalia pia taa ya nyuma na ya dashibodi: zikiwa kwenye waya uleule, nazo zimehamia betri.

Sasa pima kilichosalia. Magneto nyingi za aina hii huchaji kwa nusu wimbi, yaani nusu tu ya umeme wa AC ndiyo hufika kwenye betri, kwa hiyo chaji yake si ya kutamba. Washa taa, vuta resi ya mwendo wa kawaida, soma volti kwenye vichwa vya betri. Kati ya 13.5 na 14.5 uko salama. Chini ya 13 betri inaliwa kuliko inavyolishwa, na asubuhi utapiga kiki. Hapo chagua LED yenye wati pungufu, au rudi kwenye umeme wa magneto na halojeni, uishi na kufifia kwake.

Nilitoa balbu ya 35/35 nikaweka ya gari, 60/55. Mwanga umekuwa wa njano na holda imeyeyuka. Nimeambiwa nibadilishe holda tu.
*Msomaji, Singida*

Ukibadilisha holda tu, nayo itayeyuka. Balbu ya wati 60 inahitaji ampea 5, na magneto ya pikipiki ndogo haina ampea hizo za kugawa. Volti zinashuka, uzi wa ndani ya balbu haufiki joto lake, ndiyo ule unjano. Mwanga wa halojeni huanguka haraka kuliko volti: pungufu ya asilimia 10 ya volti inakula takribani theluthi moja ya mwanga. Wakati huohuo joto limeongezeka, na holda na rifleta (bakuli linalong'aa la kurudisha mwanga mbele) vilitengenezwa kwa wati 35.

Tazama pia masikio ya ile balbu, vile vibati vya pembeni vinavyoishika kwenye taa. H4 ya gari na HS1 ya pikipiki zinafanana sana lakini masikio hayalingani, kwa hiyo mafundi huyapiga tupa hadi iingie. Ikikaa upande, mwanga nao unakwenda upande. Rudisha HS1 ya 35/35, weka holda ya kauri, na usishike kioo cha balbu kwa vidole; ukigusa, futa kwa spiriti, la sivyo mafuta ya ngozi yataacha doa la moto na balbu haitadumu.

Kisha tafuta volti zinazopotea njiani. Ikiwa taa inatumia betri, washa taa, ncha moja ya mita iwe kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye pini ya balbu inayowaka. Ukisoma zaidi ya 0.5, kuna kutu kwenye plagi au swichi ya usukani imeungua. Rudia upande wa hasi: kichwa hasi cha betri hadi pini ya bodi ya balbu. Huko ndiko wengi hawapimi, na boliti moja ya chasi iliyopakwa rangi inatosha kukuharibia usiku.

LED yangu ni kali lakini inamulika matawi ya miti, na kila ninayekutana naye ananipigia fulu. Njia yangu ni ya vumbi.
*Mhudumu wa afya, Kwale*

Dada, wanaokupigia fulu wana haki. Rifleta hupanga mwanga kwa kutegemea mahali ulipokaa uzi wa balbu ya awali. Toa LED uitazame: vipande vyake vya mwanga viko pande mbili, na vikishafungwa lazima vitazame kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa. Vikitazama juu na chini, mpaka wa dimu (mwanga wa chini) unapotea na mwanga unapanda mitini. Nyingi zina pete yenye skrubu ndogo ya alenki. Legeza, zungusha, kaza. Ikiwa LED ni ndefu au fupi kuliko balbu ya awali, hakuna marekebisho, irudishe dukani.

Halafu elekeza taa. Jaza upepo sawa, simamisha pikipiki mahali tambarare, taa ikiwa mita 5 kutoka ukutani, nawe ukae kwenye kiti. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa urefu huo. Ukingo wa juu wa dimu uangukie sentimita 5 hadi 7 chini ya alama. Legeza skrubu iliyo chini ya duara la taa, au boliti mbili za pembeni, sogeza, kaza.

Fanya hivyo ukiwa na mzigo unaobeba kila siku. Nyuma ikizama sentimita 3 kwa sababu ya abiria au kasha la dawa, na matairi yakiwa umbali wa sentimita 125, mita 40 mbele mwanga umepanda karibu mita nzima. Hiyo ni sawa na kutoka magotini kwa mtu hadi machoni pake.

Kwa vumbi na mvua chukua ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4300 kuliko ile ya 6500 yenye ubuluu. Dukani ya 6500 huonekana kali, barabarani inakurudishia ukungu mweupe usoni.

Kioo cha taa kimefubaa. Nipake dawa ya meno?
*Msomaji, Tanga*

Inang'arisha kwa muda tu. Kama kioo ni cha plastiki, sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, malizia na polishi, halafu pulizia vanishi inayozuia jua. Bila vanishi kitafubaa tena. Kama weusi uko ndani kwenye rifleta, usisugue: ule mng'aro ni utando mwembamba, kitambaa kinauondoa. Nunua taa nzima.

Nataka spotilaiti mbili za wati 20. Niziunge wapi?
*Dereva wa usiku, Mbeya*

Kwanza pima chaji kama tulivyomweleza wa Kahama. Wati 40 ni zaidi ya ampea 3. Ikiruhusu, hapa rilei inahitajika. Pini 30 ya rilei ichukue chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu kabisa na betri. Pini 87 iende kwenye taa, 85 kwenye chasi, waya wa milimita mraba 1.5. Pini 86 iunge na waya wa fulu kupitia swichi yake, ili ukishusha dimu na spotilaiti zizimike. Ikiwa fulu yako ni ya AC, rilei italia kama nyuki na kuungua; hapo 86 ichukue umeme wa flasha, na kuzima mbele ya wenzako ni kazi ya kidole chako.

Zifunge chini, kwenye bampa. Na usizifanye sababu ya kukimbia: kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja na nusu ya kushtuka kabla hujashika breki, pamoja na breki nzuri kwenye lami kavu vinakula karibu mita 48. Kwa 80 ni kama mita 74, na dimu ya pikipiki ndogo haifiki huko.